Bikoni kwenye migomba ya bibi

Wasomaji wangu, nimepotea kidogo. Nilikuwa nyumbani, Turwa, wiki mbili nzima. Waliofika Tarime wanazijua asubuhi za kule: baridi, ukungu juu ya migomba, moshi wa kuni unaopanda polepole. Mtu aliyezoea joto la Dar anaamka akidhani amekosea nchi.

Turwa niliyokulia mimi ilikuwa shamba lililokaa jirani na mji. Sasa ni mji uliokaa juu ya shamba. Kila ukigeuka kuna rundo la matofali na nondo zilizochomoza, zinasubiri pesa ya mwaka kesho. Boma la babu lilikuwa na zizi katikati na nyumba zimelizunguka, kama ilivyokuwa kawaida ya maboma ya kwetu. Siku hizi wamebaki ng'ombe wawili, na nusu ya zizi ni maegesho ya pikipiki ya baba mdogo.

Safari hii nilikuta kitu kipya. Bikoni. Vile vijiwe vya zege vya mipaka ya viwanja, vina namba juu yake. Kampuni moja ya upimaji imepita mtaani kwetu kwenye zoezi la urasimishaji, na kwa bibi wameacha bikoni nne. Moja iko katikati ya migomba, karibu na kijito ambako sisi wote katika ukoo ule tulijifunzia kuoga bila kulia.

Baba mdogo alinionyesha mchoro. Viwanja vya juu vina namba na rangi ya njano. Lakini ukanda wote wa chini, kando ya kijito, umepakwa kijani. Bibi aliwauliza wale vijana wa upimaji ile kijani ni nini. Wakamwambia ni mazingira. Bibi akawauliza: "Na migomba yangu ni nini?"

Hakuna aliyemjibu. Baba mdogo akanigeukia mimi: "Mura, wewe ndiye umesoma. Tuambie basi, hiyo kijani maana yake nini?"

Nilipiga porojo mbili tatu kuhusu vyanzo vya maji, nikaona macho ya bibi, nikanyamaza. Tangu nirudi Dar nimekuwa nikisoma jioni, baada ya kazi, nijue hii rangi ya kijani imetoka wapi hadi kufika Turwa. Nimeona ina historia ndefu kuliko nilivyodhani, na baadhi ya historia hiyo haipendezi.

Tuanze hapa hapa Dar, na mahali ambapo wengi wetu tunapita kila siku bila kupatazama: Mnazi Mmoja.

Ukiuliza watu kwa nini pana uwanja mkubwa wa wazi kati ya mjini na Kariakoo, wengi watakuambia ni bustani, watu wapumzike. Ni kweli, watu wanapumzika. Lakini uwanja ule haukuachwa wazi kwa ajili ya mapumziko yao. Wajerumani walishaanza kuugawa mji kwa aina za majengo tangu kanuni zao za ujenzi za 1891. Kisha kati ya 1913 na 1914 serikali ya Kiingereza ikamtuma Afrika Mashariki profesa mmoja wa afya, W. J. Simpson. Alizunguka maeneo yaliyokuwa chini yao wakati huo, Kenya, Uganda na Zanzibar, akashauri kwamba kwa sababu ya malaria na tauni, Wazungu, Wahindi na Waafrika wasikae pamoja, na katikati yao uachwe ukanda wa ardhi isiyojengwa. Vita ilipokwisha na Waingereza wakaichukua Dar, mawazo hayo yakaja nayo. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Na kati ya Uhindini na Uswahilini, uwazi. Uwazi huo ndio Mnazi Mmoja.

Kwa hiyo ukanda wa kijani wa kwanza rasmi katika mji wetu ulikuwa ukuta. Ukuta wa nyasi. Zanzibar nako kuna Mnazi Mmoja nyingine, pale Mji Mkongwe unapoishia upande wa kusini, na kule Ng'ambo na Mji Mkongwe vilitenganishwa kwanza na mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Jina moja, miji miwili.

Sisemi uwanja huo ubomolewe. Watu wana akili zao; hicho kilichowekwa kuwatenga wakakigeuza mahali pa mikutano ya siasa ya kudai uhuru, na leo wanafunzi wanasomea chini ya miti yake. Ila nikipita pale siku hizi nakumbuka swali la bibi. Kijani ni nini? Mwaka 1920 na kitu jibu la kweli lingekuwa: kijani ni umbali kati yako na mimi.

Kule kwao, wakati huo huo, kijani kilikuwa na maana nyingine kabisa. Mwaka 1898 karani mmoja wa London, Ebenezer Howard, alitoa kitabu akisema miji ya viwanda imeoza, watu wahamie kwenye miji midogo yenye bustani, iliyozungukwa na mashamba, na ardhi iwe mali ya jumuiya ili faida ya kupanda kwa bei yake irudi kwa wakazi. Mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa mwaka 1903. Wazo likasafiri dunia nzima. Lakini mawazo yakipanda meli huwa yanaacha mizigo bandarini. Bustani na barabara zenye miti zilifika Afrika Mashariki, zikakaa Oysterbay. Lile la ardhi kuwa ya wakazi nadhani lilikosa nafasi melini.

Haya, sasa twende Dodoma, maana hapo ndipo hadithi inapokolea. Nilisoma chuo kule, miaka mitatu ya vumbi na zabibu, na ninaona aibu kukiri kwamba sikuwahi kujiuliza ule mji uliwahi kutakiwa uweje.

Mwezi Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu yahame Dar kwenda Dodoma. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, chini ya George Kahama, na kazi ya kuchora mpango wa mji ikapewa kampuni ya Toronto, Kanada, iitwayo Project Planning Associates. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imechora mpango wa Dar wa 1968. Kiongozi wake, Macklin Hancock, alikuwa mtaalamu wa mandhari kwa elimu yake, na jina alilipata akiwa kijana wa chini ya miaka 30 alipopanga Don Mills, mtaa mpya nje ya Toronto, wenye vitongoji vilivyotenganishwa na ukanda wa miti na mabonde.

Fikiria sasa. Mwalimu anataka mji mkuu wa nchi ya Azimio la Arusha. Hataki mji wa kifahari kama Brasilia, na hataki nakala ya Dar. Mpango uliotoka mwaka 1976 ulijaribu kumpa hilo. Dodoma iwe kama kijiji kikubwa miongoni mwa vijiji vya taifa. Usiwe na maghorofa ya kutisha. Uwe na jumuiya zilizopangwa kama shanga kwenye uzi, kila moja ya watu wapatao 28,000, nazo zigawanyike vitongoji, na chini kabisa kipimo kiwe kile tulichokijua tayari: nyumba kumi. Watu watembee kwa miguu au baiskeli kwenda shule, sokoni na zahanati. Mabasi yapite kwenye njia zao wenyewe kuunganisha jumuiya. Na katikati ya yote hayo, milima ya Dodoma ibaki na miti, mabonde yabaki wazi, nyumba ziwe na bustani za kulima.

Nilipousoma nilibaki mdomo wazi. Mabasi kwenye njia yake! Mwaka 1976! Sisi Dar tumeyapanda hayo mwaka 2016, tukafanya sherehe.

Hapa naomba nichomekee jambo la mbali kidogo, litatusaidia. Marekani, kuanzia miaka ya 1990, wasanifu wa miji waligawanyika kambi mbili zikanuniana. Kambi moja, wakina Andrés Duany, walianzisha chama chao mwaka 1993 wakisema mji ni mtaa: nyumba zikaribiane, barabara ziwe nyembamba, viwanja viwe na umbo, mtu afike dukani kwa miguu. Kambi ya pili, ambayo msemaji wake mkubwa alikuwa Charles Waldheim, ilisema hapana, mji uanze na ardhi yenyewe, mito, vinamasi, viwanda vilivyokufa, udongo. Majengo yatakuja baadaye, uti wa mgongo ni mandhari. Nyuma yao alikuwepo Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha Philadelphia, ambaye mwaka 1969 alitoa kitabu kinachoeleza jinsi ya kuweka ramani juu ya ramani, ya miteremko, ya maji, ya udongo, ili uone wapi pajengwe na wapi paachwe. Hao wa mitaa wakawaambia wa mandhari: nyie mnapanda nyasi mnaita mji. Wa mandhari wakawajibu: nyie mnajenga vijiji vya kwenye kadi ya posta. Hadi mwaka 2013 bado walikuwa wakitoleana vitabu.

Nimewataja kwa sababu moja tu. Ukiutazama mpango wa Dodoma wa 1976, ulikuwa na vyote viwili. Ulikuwa na mtaa wa kutembea kwa miguu na ulikuwa na mandhari kama uti wa mgongo. Ungedhani hao wote wangeupigia makofi. Na bado kulikuwa na kitu haukukiona.

Wagogo.

Dodoma haikuwa karatasi tupu. Kabla reli haijafika na kuzaa kituo, kabla ya Wajerumani, palikuwa na watu wenye mashamba ya uwele na mtama, wenye ng'ombe, wanaojua kuishi mahali ambapo mvua ni msimu mmoja na kwa mwaka haifiki milimita 600. Mji uliotaka kufanana na kijiji ulichorwa juu ya vijiji. Hao wanakijiji tayari walikuwa wamehamishwa mara moja, katika Operesheni Dodoma ya 1971, kupelekwa vijiji vya ujamaa. Sasa wakajikuta ndani ya eneo la makao makuu, ardhi yote iko chini ya CDA, na mashamba yao yanasubiri kupimwa, kuchukuliwa, kulipwa fidia au kubishaniwa.

Na ng'ombe? Mchungaji wa Kigogo ndiye aliyekuwa mtu wa mandhari kuliko wataalamu wote waliowahi kushuka uwanja wa ndege. Lakini kwa wataalamu ng'ombe alikuwa adui wa mandhari. Mwaka huo huo wa 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mradi huo uliondoa mifugo yote katika sehemu iliyoharibika ya Kondoa, kama mifugo 90,000 kutoka eneo la kilomita za mraba 1,256. Mwaka 1986 wakafanya hivyo Mvumi pia. Nyasi zilirudi, hilo lazima niliseme, makorongo yalianza kupona na nyuki wakarudi. Lakini mimi ni mtoto wa Tarime. Nikisoma sentensi inayosema mifugo yote iliondolewa, nasikia kelele ambayo ripoti haiandiki.

Tazama basi mgongano wenyewe. Mpango unasifu kijiji, unamwondoa mwanakijiji. Unapenda bustani ya nyumbani, haulipendi shamba. Mti ni mazingira, uwele ni uchafu. Hii si dhambi ya Wakanada peke yao. Waliowaajiri walikuwa sisi, na serikali ya ujamaa ilikuwa na picha yake ya kijiji ambayo ilikuwa nadhifu kuliko kijiji chochote nilichowahi kulala.

Mpango haukwenda mbali. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta, hazina kukauka, na mawaziri ambao moyo wao ulibaki ufukweni. Katika miaka ya 1980 Wamarekani wa New York, Conklin Rossant, waliletwa kuchora kitovu cha mji mkuu, na picha ikaanza kusogea kutoka kijiji kwenda kwenye mji mkuu hasa, wenye majengo ya dola. Kisha usingizi mrefu. Sisi tulipokuwa chuo, baadhi ya barabara pana za Dodoma zilionekana kama suti iliyoshonewa mtu ambaye hajazaliwa.

Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kuhamia kweli. Mei 2017 aliivunja CDA, na malalamiko ya wananchi kuhusu ardhi yalikuwa sababu kubwa. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 760,000 jijini. Mwaka huo huo wa 2022 liliwekwa jiwe la msingi la barabara ya mzunguko ya kilomita 112. Kilomita 112! Linganisha na mji uliotakiwa watu waende sokoni kwa miguu. Sisemi barabara ni mbaya, malori ya Rwanda na Kongo lazima yapite mahali. Nasema tu kwamba ule mji wa nyumba kumi na baiskeli hatuujadili hata kuukataa. Tumeusahau tu, kama simu ya zamani kwenye droo.

Sasa hadi hapo mnaweza kudhani naandika kuwatetea wote wanaokaa penye rangi ya kijani. Ngojeni kwanza. Turudi Dar, twende Jangwani.

Jangwani mnaijua. Watani zangu wa Yanga wanaitwa Wanajangwani, na mvua ikinyesha huwa wanajua kwa nini jina hilo ni la kejeli. Bonde lile ni la mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini pale Daraja la Selander. Mipango ya Dar, na hasa ule wa 1979, iliyaweka mabonde ya namna hii kwenye fungu la ardhi ya hatari. Yasijengwe. Yabaki kijani.

Na walikuwa sahihi. Naomba niliseme polepole kwa sababu ni muhimu: kuhusu maji, walikuwa sahihi. Mji ulipofurika watu, bonde likajengwa, maana ndiko mahali pekee ambapo mpangaji wa kipato kidogo angepata chumba cha kutembea kwa miguu hadi Kariakoo. Desemba 2011 mvua ilishuka kuliko ilivyowahi kurekodiwa tangu uhuru. Watu wapatao 40 walikufa. Mwaka 2012 waathirika walipelekwa Mabwepande, mbali na kila kazi waliyokuwa nayo. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 zikaja X nyekundu na bomoabomoa. Na katika bonde hilo hilo ambalo mwananchi aliambiwa ni hatari, tulijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi, nayo ikafurika mara nyingi.

Nimewahi kutumwa Jangwani kuandika habari ya mafuriko, wakati wa zile mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Barabara imefungwa, maji rangi ya chai ya maziwa, godoro linaelea. Mama mmoja alikuwa amesimama juu ya meza ndani ya nyumba yake, ameshika redio. Nikamuuliza kwa nini hajahama. Akaniangalia kama nilivyokuja kuangaliwa na bibi baadaye. Akasema: "Kijana, nihamie wapi ambapo nitaamka saa kumi alfajiri niende sokoni kwa mguu?"

Lile swali ni la mipango miji. Lingepaswa kuwa kwenye mchoro, lina uzito sawa na kina cha maji.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi. Kuna daraja jipya la Jangwani, kuna kupanua mto, na katika picha za mradi kuna bustani kubwa ya jiji pale pale ambapo nyumba zilikuwa. Ukizitazama zile picha unawaona wale wa kambi ya mandhari wamefika: mji umepangwa kuanzia mto. Nimezitazama kwa muda mrefu. Ni nzuri. Watoto wanakimbia kwenye nyasi, vijana wanaendesha baiskeli. Tofauti na zamani, safari hii fidia imelipwa kwa wengi waliokuwa bondeni, na hilo ni hatua. Lakini nimemtafuta kwenye picha mtu anayelima mchicha. Bonde la Msimbazi limelisha Dar mchicha na matembele kwa miongo mingi, na sikumuona hata mmoja. Pengine amesimama nyuma ya mti.

Ndiyo maana nasema ugomvi wa wataalamu, wa mtaa na mandhari, wa kijiji na mji mkuu, una maana lakini haufiki mwisho. Kambi zote zinabishana ardhi ifananeje. Mnazi Mmoja, Dodoma, Jangwani, kila mara rangi ya kijani iliwekwa na mtu ambaye hakuuliza siku hiyo, kabla ya kuchora, nani yuko hapo na anafanya nini. Mara moja ilikuwa ni ubaguzi wa makusudi. Mara nyingine ilikuwa nia njema kabisa. Bibi angepoteza migomba kwa vyote viwili.

Haya, na Turwa je?

Niliporudi nilitafuta sheria, kama nilivyomwahidi baba mdogo. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Inakataza ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bwawa shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira. Isome tena. Haisemi kila shughuli. Nyumba ni ya kudumu, hapo sina ubishi, na baba mdogo aliyekuwa ameshaanza kuhesabu kiwanja cha tano karibu na maji itabidi ahesabu upya. Alinuna nilipompigia simu. Lakini migomba ya bibi? Majani yake yanafunika udongo, mizizi inashika kingo, na kijito hakijawahi kukauka tangu yeye aolewe pale. Ng'ambo ya kijito jirani amepanda mikaratusi, inayokunywa maji kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na kwenye mchoro ile nayo ni kijani. Safi kabisa. Mazingira.

Nimeshauri familia iombe kwamba ule ukanda ubaki bila kujengwa, na uandikwe kwa jina la kilimo cha kutunza kingo, si eneo la wazi tupu. Maana eneo la wazi tupu, katika mji unaokua, halikai wazi. Mnajua na nyie. Miaka mitano, kumi, anatokea mtu ana karatasi, inasimama baa. Mwenye migomba ni mlinzi wa bonde asiyelipwa mshahara. Ukimwondoa itabidi uajiri mwingine, na halmashauri zetu tunazijua mifuko yake.

Sijui kama maafisa watakubali. Mmoja niliyeongea naye kwa simu alinisikiliza vizuri, tena bila haraka, akasema jambo hilo linaweza kuingia kwenye mchoro kabla haujapitishwa, ila mwenye eneo alieleze mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa. Baba mdogo anasema bibi hatakwenda, magoti yanamsumbua. Bibi anasema atakwenda, na ataketi mbele.

Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeomba ruhusa kazini, mhariri wangu ameguna lakini ametia saini. Bibi ameniagiza nimletee miwani na kalamu ya kijani.